Anza na kofia, joho lisubiri

Mwanangu, unataka kushona nguo tano za zama za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar (1870–1888), kwa mwaka mmoja, tena uanze na joho? Sikushauri. Anza na kofia ya viua, ile ya vitobo vidogo vilivyodariziwa, maana ndiyo itakayokula miezi yako: kila kitobo huzungushiwa uzi kwa mkono, na ukiharakisha kitambaa huvutika. Mie ya kwanza niliitupa! Ishike jioni jioni. Mchana shona kanzu na suruali ya marinda kwa cherehani. Joho la zari, yaani lililotariziwa uzi wa dhahabu, liwe mwisho, mkono ushazoea. Kanga yenye jina usiitie, maandishi yalikuja baadaye. Badala yake tumia kaniki, kitambaa cheusi cha pamba, na merikani, pamba isiyotiwa rangi. Na Ramadhani usijipangie kitu, utazidiwa na nguo za Idi.