Waanze na kiti cha mama

Mhariri, wiki hii mmeuliza: shirika la hisani la afya ya moyo likishirikiana na shirika la ndege la taifa, waanze na jambo gani? Kwa sisi wa Kigoma, si kuchora moyo mwekundu mkiani mwa ndege kando ya yule twiga wa nembo yao. Waanze na kiti cha mama.

Jirani yangu hapa Gungu anauza dagaa Kibirizi. Kitinda mimba wake alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akinyonya, jasho la kichwa lilimtoka mpaka kanga ya mama ikalowa. Anaachia titi, anahema, anarudi. Akapewa rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Upasuaji ukapata mfadhili. Nauli haikupata. Mama akapanda treni na mtoto mgongoni, kilomita zaidi ya 1,200, siku mbili hivi njiani, na hapo isipochelewa.

Mtoto akapona kidonda, zikaanza tarehe za kliniki. Ya kwanza alikwenda. Ya pili alikopa kikoba. Ya tatu iliangukia mwaka 2024, miezi ile mitatu Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe, akabaki nyumbani. Kile kikaratasi cha tarehe bado kimebandikwa mlangoni mwa kabati, wino umeshafifia.

Sasa zile ndege za Bombardier za shirika hilo zina viti 76. Siku zisipojaa, viti vitupu vinasafiri vilevile. Shirika la hisani litunze orodha ya wagonjwa wenye barua za daktari. La ndege liseme jioni ya kuamkia safari vimebaki vingapi. Mama apigiwe simu. Tozo za uwanja zilipwe na michango. Na kiti kiwe cha kwenda na kurudi, kwa mtoto na mlezi wake, kila kliniki. Kwenda kupasuliwa watu huchangishana mpaka msikitini na kanisani. Safari ya nne nani anakumbuka?

Ila daktari athibitishe kwanza kwamba mtoto anaweza kuruka. Hewa ndani ya ndege huwa kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, na sisi wa kando ya ziwa tumezoea mita mia saba na kitu. Mwenye midomo ya bluu kwa upungufu wa oksijeni si wa kupakiwa tu.

Najua watakaosema fedha ziende kwenye kinga. Wana hoja: homa ya baridi yabisi, inayoharibu vali za moyo, huanzia kwenye koo la mtoto lililotibiwa nusunusu. Na chumvi tunayotia kwenye migebuka yetu (Uvinza kwenye chumvi iko jirani, hatuoni uchungu) inapita mbali zile gramu 5 kwa siku za Shirika la Afya Duniani. Lakini huyu alizaliwa na tundu lake.

Kliniki yake nyingine ni mwezi ujao. Kikoba kimeshamwambia amalize kwanza deni la zamani.

Msomaji, Gungu, Kigoma