Swali la lugha: Asilimia 90 ya akina nani?

Msomaji anayefanya kazi maabara anauliza: "Je, ni sawa kuandika kwamba kipimo kina usahihi wa asilimia 90? Na ile namba inayotenga mwenye ugonjwa na asiye nao, tuiite kikomo au kizingiti?"

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kasoro yake ni kwamba haisemi asilimia 90 ni ya akina nani. Tuchukulie kuwa wamepimwa watu 1,000 ambao 10 kati yao ni wagonjwa, na kwamba kipimo hupatia kwa wagonjwa tisa katika kila kumi, na vivyo hivyo kwa wazima. Wagonjwa 9 watapata jibu chanya, lakini watalipata pia wazima 99, hivyo katika hao 108 mgonjwa ni mmoja tu kwa kila kumi na wawili. Basi "asilimia 90 ya wagonjwa walipata jibu chanya" ni kweli, ilhali "asilimia 90 ya waliopata jibu chanya ni wagonjwa" ni uongo mtupu, ingawa maneno ni karibu yale yale. Jina linalofuata "ya" ndilo linalobeba maana yote, nawe umeliacha.

Wapo wanaoita uwezo wa kuwabaini wagonjwa "unyeti", na ule wa kuwabaini wazima "umahususi". Sina ugomvi nao, ila kwa kuwa mazoea ya "taarifa nyeti" na "sehemu nyeti" huwapeleka wasomaji kwenye mambo ya siri, lifafanue neno hilo unapolitaja mara ya kwanza.

Kuhusu namba yenyewe, nachagua kizingiti. Kikomo kimetokana na kukoma, na sukari ya damu, kwa mfano, haikomi penye namba yoyote. Magazeti, kwa bahati mbaya, yamekifanya kizingiti kuwa kikwazo tu, lakini asili yake ni ubao wa chini wa mlango: ukishushwa, wagonjwa wachache zaidi hubaki nje, na wazima wengi zaidi huingia kwa makosa, ukiinuliwa, mambo hugeuka. Mwaka 1997 Chama cha Kisukari cha Marekani kilishusha kizingiti cha sukari ya mtu ambaye hajala tangu usiku kutoka milimoli 7.8 kwa lita hadi 7.0, na mwenye 7.4 akawa amelala hana kisukari, akaamka anacho. Kwa hiyo andika kizingiti kilichotumika sambamba na asilimia zako.