Mtego umejaa nzi, machungwa bado yanatobolewa: pua ya dume si pua ya jike

Mgosi, nimeusoma uzi wako. Una ekari 3 za machungwa Muheza, umetundika mitego 6 ya methili eujenoli, kemikali yenye harufu ya kuvutia nzi wa matunda (nitaiita ME), kila wiki unamwaga nzi tele, na machungwa bado yanadondoka yana funza. Ukashauriwa uweke mafuta ya karafuu kwa kuwa ni rahisi kupata, na hakuna aliyeingia. Maswali yote mawili yanajibiwa na jeni za kunusa.

Kabla ya hapo, hakikisha adui ni yupi. Pasua machungwa 10 yaliyodondoka leo, si ya juzi, maana ya juzi yameshaingiliwa na vinzi wa uozo. Ukikuta funza weupe wengi, wasio na miguu, mbele wamechongoka na wana ndoano ndogo nyeusi mdomoni, na wakubwa wao wakiwekwa mezani wanajikunja na kuruka, hao ni nzi wa matunda. Ukikuta mmoja tu, wa rangi ya waridi, kichwa cha kahawia na vijiguu mbele, huyo ni kiwavi wa nondo. Mtego wa ME haumhusu hata kidogo.

Tuseme ni nzi. Anayetusumbua zaidi pwani ni Bactrocera dorsalis, aliyetoka Asia na kuonekana Kenya mwaka 2003, akaenea haraka kwetu na kwingineko Afrika. Mdudu huyu ananusa kwa papasi, zile pembe mbili fupi za usoni. Ndani ya vinyweleo vyake kuna vipokezi, na kila kipokezi kinatokana na jeni yake. Kundi moja la vipokezi linaitwa OR, nalo halifanyi kazi peke yake: kila OR lazima ishikane na protini mwenza iitwayo Orco, ndipo mlango wa umeme kwenye neva ufunguke. Watafiti wa China walionesha kwamba OR88a pamoja na Orco ndiyo inayopokea ME. Walipoinyamazisha jeni hiyo, madume yalipoteza hamu ya kuifuata.

Sasa karafuu. Mafuta yake yana eujenoli kwa wingi. Eujenoli na ME zimetofautiana mahali pamoja tu: penye haidrojeni moja kwenye eujenoli, ME ina kaboni moja yenye haidrojeni tatu. Sisi puani tunaona harufu za ndugu mmoja. Kwa kipokezi cha nzi, tofauti hiyo inatosha kabisa, na mvuto wa eujenoli kwake ni hafifu mno. Usipoteze hela kwenye karafuu.

Kuhusu mtego uliojaa: hebu mimina nzi wako kwenye sahani nyeupe uwatazame mkiani. Jike ana mrija uliochongoka, ndio anaotobolea tunda. Dume mkia wake ni butu. Nina hakika karibu wote ni butu. ME inaita madume, tena yaliyokomaa, ya umri wa wiki mbili hivi. Jike mwitikio wake ni mdogo sana. Dume analamba ME, mwili unaibadilisha, anaihifadhi kwenye tezi ya mkiani na kuitoa jioni wakati wa kujamiiana. Dume aliyelamba anapendwa zaidi na majike. Hapa ndipo watu wengi wanajiharibia bila kujua: wanaweka ME bila sumu, au sumu imeshaisha nguvu. Nzi anaingia, analamba, anatoka, na umemsaidia kuoa.

Je, kuua madume kunaweza kutosha? Kulitosha kisiwani Rota, kule Pasifiki, miaka ya 1960: vipande vya ubao mwepesi vilivyoloweshwa ME na sumu vilidondoshwa kwa ndege kisiwa kizima mpaka nzi wakaisha. Lakini kile ni kisiwa. Shamba lako limezungukwa na miembe, mipera na mikungu ya majirani, na jike anayeingia kutoka huko ameshapandwa. Kumuua dume wako hakumzuii kutaga. Halafu kuna jambo la kurithi: maabara ya Hawaii walizalisha madume wasiojali ME kizazi baada ya kizazi, na mwitikio ukapungua. Kutegemea harufu moja tu ni kuwachagua wasioisikia wabaki wazae.

Jike mfuate kwa njaa yake. Akitoka kwenye pupa, kile kifuko ambamo funza hugeuka nzi, mayai yake hayajakomaa. Anahitaji protini kwa wiki moja hadi mbili. Protini ikioza inatoa amonia na amini (kemikali ndugu za amonia), na harufu hizi hupita zaidi kwenye kundi jingine la vipokezi, IR, lisilotegemea Orco. Kwa Drosophila, yule nzi wa maabara, kipokezi cha amonia kinajulikana kwa jina: IR92a. Akishatua, anaonja kwa nyayo kabla ya kushusha mdomo. Kwa hiyo chambo kiite kwa amonia na kikubalike mguuni.

Mtego wa protini: chupa ya maji ya lita 1.5, toboa matundu 4 ya sentimita 1 kwenye theluthi ya juu, paka rangi ya njano nusu ya chini. Weka maji nusu lita na vidonge 3 hadi 4 vya hamira ya torula yenye boraksi. Boraksi inazuia nzi wasioze haraka, na inafanya maji yawe ya kialkali, hapo amonia inapaa. Ndiyo maana wanaoongeza siki hawapati kitu: asidi inaishika amonia ibaki majini. Sukari nayo inaleta vinzi wa pombe. Badilisha kila wiki 1 hadi 2, na ya zamani usiimwage chini ya mti, maana harufu ya chini itashindana na mtego. Kwa ekari 3 ningetundika kama 25, ndani ya majani, upande wa kivuli.

Au nyunyiza chambo cha protini chenye spinosadi (sumu ya wadudu), doa la mita 1 ya mraba chini ya majani ya kila mti, si kwenye matunda, kila wiki, kuanzia machungwa yakiwa bado kijani. Mvua ikipiga, rudia. Vipimo vifuate kibandiko, na chagua kilichosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Mitego ya ME usiitoe. Lowesha vipande vya makumbi ya nazi vya sentimita 5 kwa 5, sehemu 4 za ME kwa 1 ya malathioni, ambayo ndiyo sumu. Vaa glavu, ME imeleta saratani kwa panya wa maabara, na ikimwagikia nje ya chupa nzi watatua huko huko wasiingie. Pamba ya kawaida inakauka wiki 3 hadi 4, kwenye jua mapema zaidi.

Matunda yaliyodondoka okota mara mbili kwa wiki, funga kwenye mfuko mweusi, uache juani siku kadhaa. Ukifukia, shimo liwe na kina cha nusu mita au zaidi.

Waya wa kutundikia upake grisi sisimizi wasile nzi ukakosa hesabu. Lakini majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani kuwa viota mitini, waache. Utafiti wa Benin kwenye maembe ulionesha kwamba alama wanazoacha majimoto kwenye tunda zinampunguzia jike hamu ya kutaga, hata wakiwa wameshaondoka.

Wiki mbili baada ya kuanza, hesabu wenye mrija na wenye mkia butu kwa kila aina ya mtego, uzilete hapa tuzitazame.