Kabla Hujasema "Ni Zuhura Tu"

Wewe unayeanza kupokea habari za taa za ajabu angani, nianze na kosa langu. Mama mmoja wa Majengo alinipigia simu asubuhi: jana usiku ameona taa kubwa upande wa magharibi, imetulia tuli juu ya mapaa. Nikamjibu papo hapo, "Mama, hiyo ni Zuhura tu." Siku kadhaa baadaye tukakutana, ndipo nikauliza saa. Saa tano usiku! Sayari ya Zuhura haiachani na jua angani kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi. Ikiwa ni ya jioni, kwetu Mombasa saa nne usiku huikuta imeshazama. Nilikuwa nimemwambia uongo mtu mzima aliyeniamini, na mengine aliyoyaona yalikuwa yamekwisha kumtoka. Bado linaniuma.

Kosa hilo wakubwa walilifanya kabla yangu. Tarehe 7 Januari 1948, rubani Thomas Mantell alianguka na kufa Kentucky, Marekani, akifuata kitu kilichong'aa juu yake. Mwanafalaki J. Allen Hynek, aliyelishauri jeshi la anga, akaitaja Zuhura. Ilikuwepo upande ule kweli, ila mchana ule ilikuwa hafifu mno. Baadaye ikaonekana yamkini lilikuwa puto kubwa la utafiti, Skyhook, mradi wa siri wa jeshi la majini. Zuhura ni kitu cha kawaida, puto nalo ni kitu cha kawaida, lakini Zuhura haikulingana na ushahidi. Jibu la kawaida nalo lataka kuthibitishwa.

Basi uliza saa kwanza. Kisha uliza alisimama wapi, na taa ilikuwa juu ya nini: feri ya Likoni, daraja la Nyali, mnara wa msikiti gani. Mwambie anyooshe mkono akunje ngumi, apime taa ilikuwa juu kiasi gani. Ngumi moja ni kama nyuzi 10 za anga. Usiulize "ilikuwa ikisogea?" kwa sababu atakubali. Uliza "ilifanya nini?" Na ujue kwamba nuru moja ikikodolewa macho gizani huonekana kama inachezacheza. Akikupigia akiwa bado anaitazama, mwambie ailinganishe na ncha ya mnazi au pembe ya ukuta, kisha angoje.

Saa itakufanyia nusu ya kazi. Mlolongo wa taa zinazofuatana kama shanga, muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, mara nyingi ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia hupotea ghafla. Lakini saa sita za usiku usizitaje kabisa. Sisi tuko karibu na ikweta, na saa hiyo setilaiti za chini zote ziko kivulini. Ndege inayokuja kutua uwanja wa Moi ikikuelekea uso kwa uso huonekana imesimama, kisha ikigeuka taa "inazima".

Katika kuandika, napenda utaratibu wa Wafaransa. Ofisi yao ya GEIPAN, inayochunguza taarifa kama hizi, iliyo chini ya shirika lao la anga la CNES na iliyoanza mwaka 1977 kwa jina jingine, ina mafungu manne: kimetambuliwa, yaelekea kimetambuliwa, habari hazitoshi, hakikutambuliwa. Mafungu mawili ya mwisho usiyachanganye. Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani, uliochunguza taarifa kama hizi na kufungwa 1969, nao uliyatenganisha: kati ya taarifa 12,618, zilibaki 701 zisizotambuliwa. Ya mama wa Majengo nimeiweka kwenye "habari hazitoshi", kwa kuwa aliyeshindwa kuzikusanya ni mimi.

Ukidhani ni sayari, rudi kesho yake saa ileile, panda naye darini, msimame palepale. Zuhura au Mshtarii itakuwepo karibu mahali palepale. Mwache aione na kuitambua mwenyewe. Isipotokea, futa ulichoandika.