Jibu: Kuingiza vipimo vya kisima cha gesi, n imetoka 1.2

Ndugu, umeuliza kwa nini programu ya kukokotoa jaribio la kisima cha gesi inakupa n (kipeo kwenye mlinganyo unaounganisha mtiririko wa gesi na presha) ya 1.2 wakati vipimo vya kisimani umevinakili sawasawa. Thamani hiyo inatakiwa iwe kati ya 0.5 na 1, kwa hiyo usiipeleke kwenye ripoti kabla ya kukagua.

Anza na presha. Geji husoma juu ya presha ya hewa, lakini hesabu inataka presha kamili, yaani iliyojumlishwa na ya hewa. Kwa visima vya pwani kama Songo Songo au Mnazi Bay, ongeza psi 14.7 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba); nyanda za juu huongezwa kiasi pungufu ya hapo. Usidharau tofauti hii, maana presha inapigwa kipeo cha pili. Chukua presha za psi 100 na 90: ukiziacha kama geji ilivyosoma, tofauti ya vipeo vyake vya pili ni 1,900. Ukisahihisha ni 2,194. Kisima chenye presha ndogo kikikosewa hivyo, n hupanda. Kwenye psi 2,000 kosa hilo halionekani sana.

Pili, muda. Saa moja na nusu ni 1.5, si 1.30. Hakikisha pia saa ya geji ya chini kisimani inalingana na ya juu.

Namba zikiwa safi na n bado imezidi 1, shuku maji yaliyokuwa yakitoka kisimani wakati wa jaribio. Hapo tuwekee kiasi cha mtiririko na presha ya kila hatua ya jaribio tuvitazame pamoja.