Kinyonga wangu yuko wapi?

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama picha ya kompyuta inaweza kuwa mali ya mtu, au waandishi waliowacheka wanunuzi wa NFT, yaani hati za mtandaoni za umiliki wa picha kama hizo, walikuwa na haki. Mimi ni mmoja wa waliochekwa, kwa hiyo mnivumilie.

Desemba 2021 nilinunua picha ya kinyonga aliyevaa kofia ya viua. Ilinigharimu kama ndoo mbili za mafuta ya kupikia. Mke wangu aliniomba nimtumie, akaihifadhi kwenye simu yake, kisha akanitazama. "Haya, na mimi ninayo. Wewe umenunua nini?"

Magazeti nayo yaliimba wimbo huohuo mwaka ule. Tarehe 11 Machi nyumba ya minada ya Christie's ilikuwa imeuza NFT ya picha ya Beeple, msanii wa kompyuta, kwa dola milioni 69.3, na kejeli ikawa moja tu: si unaipakua bure? Hoja hiyo naiona nyepesi. Marehemu baba alikusanya stempu. Alizishika kwa kibano, na ole wako uiguse albamu yake ukiwa umetoka kula vitumbua. Nyingi zilikwisha pigwa muhuri, hazikuweza kupeleka barua hata mtaa wa pili. Mwaka 2014 Stuart Weitzman, mbunifu wa viatu wa Marekani, alinunua stempu ya senti moja ya British Guiana ya 1856, kikaratasi cha rangi ya damu ya mzee kilichokatwa pembe, kwa dola karibu milioni 9.5. Picha yake ipo kila mahali, yeyote aichapishe. Sikumbuki mtu aliyemwita mwendawazimu. Mkusanyaji hulipia kuwa yeye ndiye mwenye nayo, na wenzake wakalikubali hilo.

Kosa la waandishi, kwa maoni yangu, ni kwamba walishangilia bei ilipopanda na kuzomea iliposhuka. Ujumbe wa kwanza wa Jack Dorsey, mwanzilishi mwenza wa Twitter, kwenye mtandao huo uliuzwa kama NFT Machi 2021 kwa dola milioni 2.9. Aprili 2022 aliyeununua alitaka milioni 48, na mnada ulipofungwa dau la juu halikufika dola 300. Vichwa vya habari vilinoga mara zote mbili.

Ambacho sikukiona kwenye habari nilizosoma ni swali la dalali yeyote wa viwanja: hebu nionyeshe mipaka. NFT ni maandishi katika daftari la wazi la mtandaoni, kwamba namba fulani ni ya fulani. Mara nyingi picha yenyewe haimo humo, imo anwani tu ya pale ilipohifadhiwa. Hakimiliki nayo hubaki kwa mchoraji, isipokuwa mkiandikiana vingine. Wapo waliojihami: CryptoPunks, NFT za picha ndogo za nyuso ambazo nyingi ziligawiwa bure 2017, picha zake ziliingizwa ndani ya daftari lenyewe Agosti 2021. Mimi sikujua hata kuuliza.

Asubuhi moja mwaka 2023 nikafungua nimwonyeshe mgeni kinyonga wangu. Kisanduku cheupe, na kile kialama cha picha iliyovunjika. Waliokuwa wakiihifadhi walikwisha funga duka. Daftari bado linanitambua mwenye mali, kama mtu mwenye hati ya kiwanja kilichomezwa na bahari.

Kwa hiyo ndiyo, inaweza kuwa mali, na mimi niliuziwa anwani. Nilimwendea mke wangu kwa unyenyekevu, maana kinyonga bado alikuwa kwenye simu yake, kofia na yote. Akanitumia kwa WhatsApp, lakini si bure. Ilinitoka doti ya kanga.

Msomaji wenu, Tanga