Jibu kwa dada anayejisikia vibaya kununua nguo za bei chee

Dada pole, nimekusoma, umeona video ya kiwanda cha Bangladesh sasa kila ukishika tisheti ya elfu tano Kariakoo roho inakusuta, na watoto watatu wanataka kuvaa. Mi mwenyewe nlipitia hapo.

Kwanza usidhani bei kubwa ndo suluhisho. Jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza huko Bangladesh lilipoanguka 2013 wakafa watu zaidi ya 1,100, humo ndani zilikuwa zinashonwa nguo za Primark na za Benetton pia, ya bei rahisi na ya bei juu jengo moja!! Na kususa kabisa sikushauri, yule mshonaji wa Bangladesh kima chake cha chini cha mshahara kilipangwa taka (pesa ya kwao) 12,500 kwa mwezi mwishoni mwa 2023, oda zikikata hata hiyo anaikosa.

Mi nachofanya nanunua chache, naigeuza nguo nakagua mshono, naivuta kidogo, uzi ukiachia naiacha hapohapo. Za watoto mitumba tu (chagua asubuhi wakifungua belo, mchana yanabaki makapi) halafu fundi wa mtaani anapunguza, na fundi usimkandamize bei, maana huyo unamuona kwa macho.

Ila huyo mdogo wako uliesema anashona kiwandani na hawamlipi ovataimu, hilo lisikae. Aende chama cha wafanyakazi au CMA (ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi) mapema, madai kama hayo mwisho siku 60, ukichelewa unaanza kuombaomba kuongezewa muda. Na atunze salari slipu zake zote.